Ungio na Mkia: Kemia ya Mafuta Tunayokula, Tunayoogea na Tunayochoma

Wazee wetu, walimu, ndugu na vijana mliofika, salaam.

Nianze na hesabu. Chukua gramu 100 za tristearini, shahamu nyeupe, ngumu, iliyosafishwa kabisa. Ichemshe na maji yenye soda kali (sodiamu haidroksidi, ile ya kupikia sabuni) mpaka yote igeuke sabuni, kisha utie asidi ili asidi za mafuta zijitenge na kuelea juu. Zikusanye, zikaushe, uzipime: utapata karibu gramu 96. Maji yaliyobaki chini yavukishe taratibu na uondoe chumvi; utabaki na kimiminika kizito, kitamu, kisicho na rangi, kiitwacho gliserini, chenye uzito wa gramu 10 na kidogo. Sasa jumlisha. Uliweka gramu 100, umetoa 106.

Hizo gramu sita zilizozidi ni maji. Mafuta yalipovunjika, kila mahali palipokatika paliingia molekuli moja ya maji, na kila molekuli ya mafuta hukatika mahali patatu. Mizani ndiyo iliyowafungua macho wanakemia wa karne ya 19: mafuta ni kitu kilichoungwa, tena kimeungwa kwa kutoa maji, na ndiyo maana hakivunjiki bila kuyarudisha.

Mwaka 1779 mfamasia Carl Wilhelm Scheele, aliyekuwa akifanya kazi Uswidi, alipasha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akayaonja maji yaliyobaki na kuyakuta matamu. Baada yake akaja Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa 1786 na kufariki 1889, naam, mtu wa miaka 102. Kwa zaidi ya miaka kumi Chevreul alichambua shahamu, siagi na mafuta ya namna nyingi, akazitenga asidi zilizomo moja baada ya nyingine na kuzipa majina. Mwaka 1823 akachapisha kitabu kilichoeleza sabuni ni kitu gani hasa. Fikirini, binadamu alikuwa amepika sabuni kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo, kwa majivu na shahamu, kwa kukisia na kurithishana! Kisha mwaka 1854 Marcellin Berthelot akaitembea njia hiyo kinyumenyume: akaifungia gliserini pamoja na asidi za mafuta ndani ya mirija ya kioo, akaipasha moto, akapata mafuta. Shaka ikaisha.

Sasa tuiangalie molekuli yenyewe. Gliserini ni ndogo: kaboni tatu kwenye mstari, na kila kaboni imebeba oksijeni iliyoshika haidrojeni, kundi tunaloliita haidroksili. Asidi ya mafuta ni mnyororo mrefu wa kaboni, aghalabu kaboni 12 hadi 18 katika mafuta ya kula, wenye kichwa cha asidi upande mmoja. Kichwa hicho kikikutana na haidroksili ya gliserini, maji hutoka na hivyo viwili hushikana. Mshikano huo wanakemia wanauita esta. Mimi leo nitauita ungio, na mnyororo unaoning'inia nitauita mkia. Gliserini yenye mkia mmoja ni monogliseridi, yenye miwili ni digliseridi, yenye mitatu ni trigliseridi. Mafuta ya alizeti, ufuta, mawese, samli, shahamu ya ng'ombe, mafuta ya samaki: ukiyaondolea maji na uchafu, karibu yote ni trigliseridi. Mafuta ya taa na yale mazito ya kujipaka yanayotokana na petroliamu hayamo katika jamii hii. Hayana gliserini wala ungio, ndiyo maana hata ukiyachemsha na soda mwaka mzima hayatoi sabuni.

Basi kila unapoona mafuta yakibadilika, jikoni, kiwandani au mwilini, jiulize swali moja: kilichoguswa ni ungio, au ni mkia? Nimeona watu wenye elimu wakibishana saa nzima kuhusu mafuta kwa sababu mmoja anazungumzia maungio na mwenzake mikia.

Nianze na mikia.

Kwa nini shahamu ya ng'ombe huganda na mafuta ya alizeti hayagandi? Zote ni trigliseridi. Tofauti iko katika umbo la mkia. Mkia ambao kila kaboni yake imeshika haidrojeni zote inazoweza kushika tunasema umeshiba, na mkia wa namna hiyo hunyooka. Lakini kaboni mbili jirani zikiacha haidrojeni mbili na kushikana kwa kifungo maradufu, mkia hupinda pale pale. Mnajua kufunga mzigo wa kuni. Kuni zilizonyooka zinalala pamoja, zinabana, mzigo unakuwa mgumu. Zikiwa zimepinda zinaachia nafasi na mzigo unachezacheza. Ndivyo mikia inavyofanya.

Angalieni asidi mbili zenye kaboni 18 kila moja. Asidi ya steariki, iliyoshiba, huyeyuka karibu na nyuzi 70 za Selsiasi. Asidi ya oleiki, yenye kifungo maradufu kimoja tu katikati, huyeyuka karibu na nyuzi 14. Haidrojeni mbili tu zimeondoka, na kuyeyuka kumeshuka kwa nyuzi zaidi ya 50! Asidi ya linoleiki, iliyojaa kwenye alizeti na soya, ina vifungo maradufu viwili, nayo huganda chini ya nyuzi sifuri. Urefu nao una kauli yake. Mafuta ya nazi yameshiba kuliko hata shahamu ya ng'ombe, lakini mikia yake mingi ni ya asidi ya lauriki yenye kaboni 12 tu, kwa hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Asubuhi ya baridi unayakuta yameganda kwenye chupa, mchana yamekuwa maji. Hakuna aliyeyachakachua.

Mahali mkia ulipokaa napo pana maana, na mfano mzuri ni chokoleti. Katika siagi ya kakao, trigliseridi nyingi zina asidi ya oleiki katikati na mikia iliyoshiba pande zote mbili. Mpangilio huo mmoja unaorudiwarudiwa huifanya iyeyuke karibu yote kwa pamoja, chini kidogo tu ya joto la mwili. Tena siagi hiyo inaweza kujipanga katika maumbo sita ya fuwele, na mtengeneza chokoleti anahangaika kuipasha na kuipoza ili apate umbo la tano, lile linalong'aa, linalovunjika kwa mlio na kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Ule ukungu wa kijivu juu ya chokoleti iliyokaa mara nyingi si kuvu. Ni mafuta yaliyojipanga upya katika umbo jingine.

Sasa niseme jambo la mkia lililogharimu maisha ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilikuwa na mafuta mengi ya maji na walaji waliotaka mafuta magumu. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kuyapitishia mafuta gesi ya haidrojeni mbele ya unga wa nikeli. Haidrojeni huingia kwenye vifungo maradufu, mikia hunyooka, mafuta huganda. Kama kazi ingefanywa mpaka mwisho, pasingebaki kifungo maradufu hata kimoja. Ila viwanda vilitaka kitu laini cha kupaka mkate, kwa hiyo vilisimamisha kazi katikati, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Nikeli hiyo hiyo inayosaidia haidrojeni kuingia hukifungua kifungo maradufu kwa muda, na baadhi ya vifungo vinapojirudi hurudi vikiwa vimegeuzwa upande. Mkia uliogeuzwa hivyo una kifungo maradufu lakini umenyooka. Haya ndiyo mafuta ya trans. Asidi ya elaidiki ina atomu zile zile za asidi ya oleiki, idadi ile ile, na tofauti ni mgeuko huo tu. Lakini oleiki huyeyuka kwenye nyuzi 14 na elaidiki kwenye nyuzi 45 hivi.

Kwa miongo mingi tuliambiwa mafuta hayo ni bora kuliko siagi kwa kuwa yametoka kwenye mimea. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, wakaonyesha kwamba mafuta ya trans hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu na kushusha ile nzuri kwa wakati mmoja. Denmark ikaweka sheria mwaka 2003: yasizidi gramu mbili katika kila gramu 100 za mafuta. Shirika la Afya Duniani likatoa wito mwaka 2018 kwamba dunia nzima iyaondoe kwenye vyakula vya viwandani. Miaka mia moja na zaidi, ndugu zangu, tangu hataza mpaka wito. Inaniuma kwamba ilichukua muda mrefu hivyo, maana kosa lilikuwa limeandikwa kwenye umbo la molekuli tangu mwanzo. Ukisoma lebo ukaona mafuta "yaliyoongezewa haidrojeni kwa sehemu", hayo ndiyo ya kuyakataa. Yaliyoongezewa kikamilifu ni magumu, yameshiba, lakini ya trans karibu hayamo kabisa.

Mkia una adui mwingine, nayo ni hewa. Oksijeni hupenda kushambulia ile kaboni iliyokaa kati ya vifungo maradufu viwili. Oleiki haina kaboni ya namna hiyo, linoleiki ina moja, linoleniki ya mbegu za kitani ina mbili, na kasi ya kuharibika hupanda kwa mpangilio huo huo. Matokeo yake ni harufu ya mafuta yaliyochacha. Mwanga huichochea kazi hiyo, joto huichochea, na chembe za shaba au chuma huichochea zaidi, ndiyo maana mafuta mazuri hufungwa kwenye chupa ya rangi ya giza na hayahifadhiwi kwenye chombo cha shaba. Vitamini E iliyomo kiasili kwenye mafuta ya mimea huyakinga kwa muda, kwa kuipokea mashambulizi yenyewe.

Lakini jambo hilo hilo linalotuharibia chakula ndilo lililowapa wachoraji na mafundi seremala riziki. Mafuta ya kitani yakipakwa kwenye ubao hayakauki kwa kupoteza maji. Yanakauka kwa kula oksijeni, mkia wa molekuli moja unashikana na mkia wa nyingine mpaka kinatokea kigozi kigumu. Kazi hiyo hutoa joto. Tambara lililoloa mafuta ya kitani, likakunjwa na kutupwa kwenye pipa, linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Mafundi mliopo hapa, tafadhali, litandazeni nje likauke peke yake au lizamisheni kwenye maji. Karakana zimeungua kwa sababu ya tambara.

Haya, nimesema vya kutosha juu ya mikia. Nije kwenye ungio, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa sabuni ndiyo kemia ninayoipenda kuliko zote.

Soda kali ikikutana na trigliseridi, hukata maungio yote matatu. Gliserini huachiwa huru, na kila mkia huondoka na sodiamu kichwani pake. Huo mkia wenye sodiamu ndio sabuni. Kichwa chake hupenda maji, mkia wake hupenda mafuta, kwa hiyo mikia hujichoma ndani ya tone la uchafu wenye mafuta, vichwa vikabaki nje, na tone zima likaondoka na maji. Ukitumia potashi kali badala ya soda kali unapata sabuni laini au ya maji. Ukitumia maji magumu, yale yenye chokaa, kalsiamu huing'oa sodiamu na kutengeneza sabuni isiyoyeyuka, ule utando mweupe kwenye beseni.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaopika sabuni nyumbani. Soda haihesabu gramu za mafuta. Inahesabu maungio. Mafuta yenye mikia mifupi yana molekuli nyingi zaidi katika kilo moja, kwa hiyo yana maungio mengi zaidi, kwa hiyo yanataka soda nyingi zaidi. Kilo moja ya mafuta ya zeituni inataka karibu gramu 135 za soda kali. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka karibu gramu 183. Mtu akichukua kipimo cha nazi akakitumia kwa zeituni, atabaki na karibu gramu 50 za soda ambayo haina kazi, na sabuni hiyo itaunguza ngozi. Akifanya kinyume chake, robo ya mafuta itabaki bila kugeuka, na sabuni yake itakuwa na mafuta ya wazi na kuchacha. Ndiyo maana mpishi wa sabuni mwenye hekima hukokotoa kwa kila aina ya mafuta peke yake, kisha hupunguza soda kwa asilimia tano hivi, ili mafuta ndiyo yabaki na si soda. Na ukibadilisha mafuta kwa sababu ya bei, hesabu nayo ibadilike. Kipimo cha jirani yako si kipimo chako mpaka ujue alitumia mafuta gani.

Soda inatiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye soda, maana joto linalotoka linaweza kuyarusha usoni. Sufuria ya aluminiamu isikaribie kabisa: soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Vaeni miwani. Jicho halirudi.

Tabia ya sabuni nayo inatoka kwenye mkia. Sabuni ya nazi hutoa povu upesi, hata kwenye maji ya chumvi, lakini hukausha ngozi. Palmitiki na steariki, za mawese na shahamu, hutoa kipande kigumu kinachodumu. Oleiki hutoa sabuni laini, ya upole, yenye povu dogo. Fundi huchanganya mafuta kwa sababu hiyo. Na gliserini je? Katika sabuni iliyopikwa kwa mkono hubaki humo humo, ikaisaidia ngozi kushika unyevu. Viwanda vikubwa hutia chumvi nyingi ili sabuni ijitenge, vikaichukua gliserini na kuiuza kando, kwa kuwa ina soko lake.

Mwili wako nao hukata maungio kila siku, bila soda. Nyongo huyasambaza mafuta kuwa matone madogo, kisha kongosho hutoa kimeng'enya kiitwacho lipesi. Hiki hakikati ovyo. Hukata mikia ya pembeni miwili na kuuacha wa katikati kwenye gliserini, kwa hiyo kinachopita ukuta wa utumbo ni asidi mbili za mafuta na monogliseridi moja. Vipande hivyo vikishavuka ng'ambo ya pili, seli za utumbo huviunga tena kuwa trigliseridi, huzifunga kwenye vifurushi vyenye protini, na kuzipeleka kwenye limfu (majimaji ya mwili yenye mishipa yake) kwanza, ndipo ziingie kwenye damu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati gramu ya wanga hutoa 4. Mwili ukitaka kuweka akiba hauna mahali pazuri zaidi.

Hapa naomba nisahihishe jambo ninalolisikia kila mara watu wakirudi na majibu ya maabara. Trigliseridi na lehemu si kitu kimoja. Lehemu haina gliserini wala mikia mitatu. Ni molekuli ya jamii nyingine kabisa, na mimea haina kiasi chake cha kuhesabika. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya mimea inayojisifu kwamba haina lehemu inajisifu kwa jambo lisilohitaji sifa. Trigliseridi za damu kwa mtu aliyefunga kula zinatakiwa ziwe chini ya miligramu 150 kwa desilita, sawa na milimoli 1.7 kwa lita. Zikipita 500, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na hiyo ni dharura. Tena msidhani zinapanda kwa kula mafuta tu. Ini hutengeneza trigliseridi kutokana na sukari iliyozidi na kutokana na pombe. Kuna mtu ameacha nyama yenye mafuta, ameacha vya kukaanga, anakunywa soda za chupa na juisi zenye sukari mchana kutwa, na majibu yake hayashuki. Mueleweshe kwa upole, na azungumze na daktari wake.

Viwanda vya chakula vimejifunza zaidi kuliko zamani kucheza na ungio badala ya mkia. Ili kupata mafuta magumu kiasi bila trans, huchanganya mafuta yaliyoshiba na yasiyoshiba, kisha hufungua maungio na kuyafunga upya ili mikia ibadilishane viti. Mikia yenyewe haiguswi. Vilevile hupasha mafuta pamoja na gliserini ya ziada, mikia ikagawanywa, zikapatikana monogliseridi na digliseridi. Kwenye lebo huandikwa E471. Hupatanisha maji na mafuta kwenye aiskrimu, na kwenye mkate hushikamana na wanga na kuuchelewesha mkate kukauka. Kwa mwili si kitu kigeni, kwa kuwa utumbo wako unatengeneza monogliseridi kila ulapo. Ila mikia yake inaweza kuwa ya mmea au ya mnyama, na namba hiyo haisemi ni mnyama gani. Mwenye kufuata halali, au asiyekula nyama, ana haki ya kuuliza, na mtengenezaji ana wajibu wa kujibu.

Karai la kukaangia ni mahali ambapo ungio na mkia vyote huumizwa pamoja. Maji yanayotoka kwenye chakula hukata maungio, zikaachiwa asidi huru zinazofanya mafuta yatoe moshi mapema. Oksijeni huishambulia mikia, ikashikana, na mafuta yakawa mazito, meusi, yanayonata. Gliserini iliyoachwa huru, ikizidi moto, hupoteza maji na kugeuka akrolini, ule moshi unaochoma macho na koo. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka ukomo: mabaki ya kuharibika yakifika takriban asilimia 25, mafuta hayo yamwagwe. Usipokuwa na kipimo una macho na pua. Povu lisilotulia, uzito, weusi, moshi kwenye joto ambalo jana halikutoa moshi. Hayo yakijikusanya, mafuta hayo yamekwisha. Kuongeza mapya juu ya yale yaliyokufa hakuyafufui, kunayachafua mapya.

Mafuta hayo yaliyokwisha yanaweza kwenda kwenye injini. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Tatizo ni kwamba mafuta ya mimea ni mazito mno kwa injini za leo. Dawa yake ni kuyakata maungio kwa methanoli, kila mkia ukaondoka peke yake, mwepesi, unaotiririka. Kila kilo 100 za dizeli ya namna hiyo huacha karibu kilo 10 za gliserini.

Na gliserini hiyo inaenda kila mahali: dawa ya meno, krimu za ngozi, dawa za kikohozi, keki zisikauke. Ikiungwa na asidi ya naitriki, kama alivyofanya Ascanio Sobrero mwaka 1847, inakuwa naitrogliserini, ambayo Alfred Nobel aliituliza na kuiita baruti ya dainamaiti mwaka 1867, na ambayo mpaka leo huwekwa chini ya ulimi wa mgonjwa wa moyo mwenye maumivu ya kifua.

Lakini nimeiacha hoja nzito kwa makusudi hadi sasa. Kuna kimiminika kiitwacho diethilini glikoli. Kinafanana na gliserini: kizito, kitamu, hakina rangi, na bei yake ni ndogo zaidi. Kinaua figo. Marekani mwaka 1937 kilitumika kuyeyushia dawa bila kupimwa kwanza, wakafa watu zaidi ya 100, na sheria ya dawa ikabadilishwa mwaka uliofuata. Mngedhani ingetosha. Haiti mwaka 1996, watoto, kwa dawa ya homa iliyotengenezwa kwa gliserini yenye sumu hiyo. Panama mwaka 2006, dawa ya kikohozi, pipa lililoandikwa gliserini na ndani hamna gliserini. Gambia mwaka 2022, watoto tena, dawa za maji zilizokutwa na sumu ya jamii hiyo hiyo.

Jicho haliwezi kuvitofautisha, wala ulimi. Maabara inaweza, na kipimo chake kinajulikana kwa miongo mingi. Kila pipa la gliserini linaloingia kiwanda cha dawa lipimwe, pipa kwa pipa, na si sampuli moja kwa shehena nzima, wala si kwa kuamini karatasi ya muuzaji. Wafamasia mliopo, na ninyi mnaosomea kazi hiyo, mkiajiriwa mahali ambapo kipimo hiki hakifanyiki, kataeni kutia sahihi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nimeona mikono tangu nilipotaja soda na maji. Tuanze na maswali ya wapika sabuni.